Vyama vyetu, chagueni jukwaa mnaloweza kuhama nalo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nataka kusema na viongozi wa vyama vya wafugaji, vyama vya wakulima na SACCOS ambao siku hizi wanafuatwa na watu wa kuwauzia "mfumo" wa wanachama kujadiliana mtandaoni. Sisi tulifuatwa, tukanunua, tukapoteza. Mara ya pili tulichagua wenyewe, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni katibu wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Muheza, mkoani Tanga. Nilifundisha shule ya msingi miaka 29, kompyuta sikusomea. Nina ng'ombe wanne, na daftari la chama linalala kwangu.

Usiku mmoja mwaka 2021 mwanachama mwenzetu, mama mjane wa kijiji cha jirani, aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mtamba wake hajala tangu jana, tezi za chini ya sikio zimevimba na anahema kwa shida. Akaweka na picha. Chini ya ujumbe wake zikashuka pole za msiba, zikafuata picha za maua zenye "usiku mwema", kisha sauti za dakika tatu tatu kuhusu bei ya pumba. Tulioamka alfajiri tukakuta ameandika mstari mmoja tu: amekufa. Povu lilikuwa limemtoka puani. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na mtamba yule alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwapo. Miaka miwili nyuma, daktari wa mifugo tunayemwamini alikuwa ameandika maelezo marefu ya dalili za ndigana kali, namna ya kumkagua mnyama tezi, na kwa nini dawa ya buparvaquone husaidia ikiwahi na haisaidii sana mapafu yakishajaa maji. Lakini aliandika kwenye kundi la kwanza. Wakati ule kundi lilikuwa na ukomo wa watu 256. Sisi tulipouvuka mwaka 2020 tulifungua kundi la pili, na mama yule alikuwa la pili. Hata sisi wa la kwanza hatukuyaona tena maelezo yale. Wengine walikuwa wameyafuta kwa sababu simu imejaa, wengine walibadili simu. Siilaumu programu ile, imetengenezwa kwa maongezi, nasi tulitaka iwe maktaba. Ukomo umeongezwa tangu hapo, mwaka 2022 ulifika watu 1,024, lakini maongezi ni mto: ukisimama hapo ulipo huoni maji yaliyopita jana.

Ndipo tukaamua tunataka jukwaa la majadiliano. Kila swali liwe na mahali pake na kichwa chake, majibu yakae chini yake, na atakayekuja mwakani alikute. Kulikuwa na sababu nyingine ambayo kina mama walinieleza pembeni. Kwenye kundi la simu namba yako inaonekana na watu zaidi ya mia mbili, na baadhi yao walikuwa wakipigiwa usiku na watu wasiowajua. Kwenye jukwaa mtu anaonekana kwa jina alilolichagua.

Mwaka 2022 tukaingia mkataba na kampuni moja, jina nitaliacha. Walikuja na kompyuta mpakato na projekta, wakatuonyesha kurasa za kijani zenye picha ya ng'ombe. Tulilipa shilingi 2,800,000 na tukakubali ada ya kila mwezi. Mfumo ulikuwa wao wenyewe, wameuandika wao, hakuna mwingine anayeutumia. Jina la tovuti walilisajili kwa jina lao. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ni yao. Sisi tulikuwa na nini? Tulikuwa na risiti. Miezi kumi na minne ukafanya kazi, kisha siku moja ukurasa haukufunguka. Namba ya ofisini ikawa haipatikani, na mlango wa ofisi tukaukuta na kufuli. Mada zaidi ya 400 zilikuwa ndani, zikiwamo picha za viwele na vipimo vya malisho ambavyo watu walikuwa wameviandika kwa subira kubwa. Hatukupata hata moja.

Ninalotaka kusema, Mhariri, ni hili: chama kisianze kuuliza jukwaa linafanya nini. Kianze kuuliza maneno ya wanachama yatatokaje humo siku tukitaka kuhama. Mtoto wa mdogo wangu, aliyekuwa akisomea kompyuta Dodoma, ndiye aliyenifungua macho. Nilimkuta sebuleni na majina ya programu sita kwenye karatasi, nikamwuliza ipi nzuri. Akaniambia, "Mama mkubwa, tusitazame sura kwanza. Tujaribu kuhama kabla hatujahamia." Na ndivyo tulivyofanya. Kila programu tuliyoipa nafasi tuliiwekea mada kumi za uongo na picha tano, tukachukua nakala, tukaifuta yote, halafu tukajaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine.

Hilo lilipunguza orodha haraka. Huduma zote ambazo mwenyewe ni kampuni ya mbali na sisi ni wapangaji tukaziweka kando. Wenye umri wangu wanakumbuka Yahoo Groups: watu walihifadhi humo mijadala ya miaka mingi, na mwishoni mwa 2019 kampuni ikaanza kuifuta, hadi Desemba 2020 huduma yenyewe ikafungwa. Walioambiwa mapema na wakajua kupakua walipona. Programu za kulipia nazo tulizitazama. XenForo inasifiwa, na nadhani sifa ni za haki, ila leseni yake ni ya fedha za kigeni. Ina historia yake pia. Waliokuwa wakiandika vBulletin, programu nyingine ya majukwaa ya kulipia, walitoka baada ya kampuni yao kununuliwa mwaka 2007, wakaanzisha XenForo mwaka 2010, wakaburuzana mahakamani na mnunuzi yule hadi 2013. Sikuona sababu ya wafugaji wa Muheza kukaa kwenye ugomvi wa namna hiyo, hata kama umekwisha.

Zikabaki programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzitumia na kuzibadili bila kulipia. Tulizijaribu tatu: Discourse, Flarum na phpBB.

Kijana wangu alikuwa na mapenzi na Discourse, na sikumlaumu. Ilianzishwa mwaka 2013 na Jeff Atwood na wenzake, na mtu anaona kwamba walifikiria sana tabia za watu. Mgeni huanza akiwa na ruhusa chache, kisha anaongezewa kadiri anavyosoma na kuandika kwa ustaarabu. Mtu anaweza kujibu kwa barua pepe bila kufungua ukurasa. Nakala yake hutoka kama faili moja lenye maandishi, na ukitaka na picha zimo. Ina hata faili la Kiswahili tayari. Kama chama chenu kina kijana wa kompyuta anayelipwa na wanachama wenye simu mpya, nendeni huko wala msinisikilize mimi. Lakini inataka seva yako mwenyewe yenye kumbukumbu ya kutosha, kuanzia gigabaiti moja na zaidi, na mtu anayeelewa Docker, programu ya kuendeshea programu nyingine kwenye seva, na kijana wangu alikuwa anarudi chuoni.

Flarum ni nyepesi na inapendeza machoni. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2021, kwa hiyo bado ni changa, na mambo mengi huongezwa kwa viongezo vinavyoandikwa na watu mbalimbali. Niliogopa siku ya kusasisha kimoja na kukuta kingine hakikubali.

Tukapeleka zote tatu kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni na madumu yao. Nawaomba viongozi wote mfanye hivi. Msijaribu programu ofisini kwenye kompyuta ya mwuzaji. Mzee mmoja alitoa Tecno yake yenye kioo kilichopasuka, Android ya zamani sana, akasimama chini ya mwembe ambako mtandao una kijiti kimoja. Discourse, ambayo imeandikwa kwa vivinjari vipya, ilimfungulia ukurasa mkavu wa kusoma tu, bila mahali pa kuandika. Kusoma aliweza, kuuliza hakuweza. phpBB ilifunguka kabla hawajamaliza kumpimia maziwa kwa laktomita, na akaandika pale pale: "Bei mpya inaanza lini?" Nililitazama swali lile kwenye kioo kilichopasuka nikajua tumepata.

phpBB ni ya siku nyingi. Ilianza mwaka 2000, ikaanzishwa na James Atkinson, na hadi leo inaendeshwa na watu wa kujitolea chini ya GPL, moja ya leseni za programu huria. Sura yake ni ya kizamani, sitaficha. Ila haihitaji seva yako peke yako. Nafasi yoyote ya bei ndogo ya kukodi kwenye seva ya wengine inatosha, mradi iwe na PHP, lugha iliyoandikiwa programu hii, na MySQL, kanzidata yaani ghala la maandishi yake, na mafundi wanaoijua PHP hawakosekani hata Tanga mjini. Kwa mwaka tunalipa shilingi 120,000, pamoja na jina la .or.tz ambalo safari hii limesajiliwa kwa jina la chama na nenosiri liko kwenye bahasha kwa mhazini.

Jaribio letu la kuhama lilitufundisha kitu ambacho kingetuumiza baadaye. Kwenye ukurasa wa msimamizi wa phpBB kuna mahali pa kuchukua nakala ya kanzidata. Tukachukua, tukafuta, tukarudisha, maneno yote yakarudi. Picha hazikurudi hata moja. Kumbe viambatisho havimo kwenye kanzidata, vinakaa kwenye folda yake pembeni, nayo lazima uinakili mwenyewe. Sasa kila Jumapili baada ya kukamua nachukua vyote viwili na kuviweka kwenye flashi mbili. Moja naifungia kwenye bati la biskuti pamoja na kadi za chanjo. Nyingine inakwenda kwa mwenyekiti.

Kuna mambo ya lugha ambayo hakuna mwuzaji aliyewahi kututajia, na nadhani wasomaji wa gazeti hili yatawahusu zaidi. Maneno ya phpBB yamo kwenye mafaili ya kawaida ya maandishi. Nilikaa jioni nyingi nikitafsiri kurasa wanazoziona wanachama. Za msimamizi nikaziacha. Kwenye neno la siri nilianza na "nywila" kama wataalamu wanavyotaka. Pale kituoni hakuna aliyelijua, nikarudisha "neno la siri". Vijana walitaka "uzi" kama walivyozoea kwenye majukwaa makubwa. Kina mama wakauliza uzi wa kushonea nini, tukakubaliana "mada".

Shida kubwa ilikuwa kwenye kutafuta. Programu hizi zimeandikwa na watu ambao maneno yao hayabadiliki mwanzoni. Mfugaji akiandika "zimevimba", mwenzake akatafuta "kuvimba", mashine haioni kwamba ni jambo moja, maana inatafuta neno zima kama lilivyo. Kiswahili chetu kinavaa viambishi mbele, na mashine inaanzia mbele. Tukafundishana kutumia alama ya nyota, uandike *vimba, na tukaweka utaratibu kwamba kichwa cha kila mada kianze na jina la kiungo au ugonjwa: Kiwele, Kwato, Ndigana, Malisho. Jambo lingine: mtu akitafuta "maziwa" alikuwa anaambiwa neno limepuuzwa. Kwa kawaida phpBB huyaacha maneno yanayojitokeza kwenye zaidi ya asilimia 5 ya maandiko, ikidhani hayana maana. Kwenye jukwaa la wafugaji wa maziwa! Ni mpangilio mmoja wa kubadili kuwa sifuri, kisha kuiambia programu iunde upya orodha yake ya maneno ya kutafutia, lakini ilituchukua wiki mbili kuujua, na katika wiki hizo watu walianza kusema jukwaa ni bovu.

Kisha wakaja waliojiandikisha wasiokuwa watu. Siku ya sita tangu tulifungue tulikuta majina 31 mapya yenye herufi zisizosomeka, na matangazo ya kamari na dawa za nguvu za kiume. phpBB inakuruhusu umuulize anayejiandikisha swali la kwako mwenyewe. Niliweka hili: "Maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa huitwaje?" Jibu ni dang'a. Nikaruhusu na "danga", kwa sababu simu nyingine zinaandika kile kibanzi cha juu kwa namna tofauti na mashine inakataa. Tangu siku ile hajapita hata mmoja. Vyama vya wavuvi, vya karafuu, vya korosho, mna maneno yenu ambayo hayajui asiyeishi kazi hiyo. Yatumieni.

Usajili wenyewe haukuwa mwepesi kwa wanachama wetu halali. Programu inadai barua pepe, na wengi wana ile waliyofunguliwa na kijana wa duka la simu siku ya kununua, neno la siri hawalijui. Tuliweka meza pale kituoni asubuhi nne, tukasajili mmoja mmoja, mimi nikaidhinisha kwa mkono. Programu zote tatu zingetudai kazi hii, kwa hiyo atakayewaambia mfumo wake unaanza kutumika siku hiyo hiyo, mwombeni aje akae mezani na wazee.

Kuhusu usalama nitasema moja. Desemba 2004 kirusi kilichoitwa Santy kiliharibu maelfu ya majukwaa ya phpBB duniani, kikiyatafuta kupitia Google. Toleo lililoziba tundu lile lilikuwa limetoka mwezi mmoja kabla. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha. Wafugaji hawakuhitaji maelezo marefu hapo, wanajua zizi lililokosa chanjo. Tumeandika kwenye muhtasari wa kikao nani anasasisha na lini, na akisafiri nani anashika zamu.

Na sheria. Juni 2018 JamiiForums, jukwaa lililoanza 2006 na kubwa kuliko yote nchini, lilifungwa kwa muda kwa sababu ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni. Basi msifungue kitu gizani: waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kwa maandishi na mhifadhi jibu. Jukwaa letu ni la wanachama peke yao, wa nje haoni kitu mpaka aingie. Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. phpBB huhifadhi anwani ya mtandao ya kila anayeandika, na tuliwaeleza hivyo wanachama mkutanoni kabla hawajajiandikisha. Namba za simu hatuziombi kabisa.

Leo tuna mada 1,160. Maelezo ya daktari kuhusu ndigana kali aliyaandika upya mwenyewe, tumeyabandika juu kabisa, na mama yule mjane ndiye msimamizi wa sehemu ya magonjwa. Kila usiku kabla ya kulala hupita humo kuona kama kuna swali lisilojibiwa. Likiwapo, na ni la dalili za hatari, humpigia daktari mwenyewe.

Ninawaomba maafisa ushirika wa wilaya: mnapokagua vitabu vya chama, ombeni mwonyeshwe na nakala ya jukwaa lake, kwenye flashi, ikiwa imejaribiwa kurudishwa. Muulize jina la tovuti limesajiliwa kwa nani. Na viongozi wenzangu, kabla ya kusaini na yeyote, mwambieni afute mada moja mbele yenu na airudishe.

Tafsiri yetu ya Kiswahili hatuiuzi. Chama chochote kinachoitaka kije na flashi kituoni kwetu, nipo kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Ila mje mapema, gari la maziwa huondoka saa tatu nami huondoka nalo.

Katibu wa chama cha wafugaji,
Muheza, Tanga